Binti wa Sultani na Nyumba Alizoziacha

Ukipita katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, au mitaa ya Lamu, au Shangani kule Unguja, hutakosa kuonyeshwa nyumba kubwa ya mawe inayotafutiwa mnunuzi. Ni nyumba ya ghorofa mbili au tatu, yenye mlango wa kuchongwa, mabaraza mbele, ua ndani, na vidaka ukutani vilivyokuwa vikiwekwa sahani za Kichina. Dalali atakutajia bei, na mara nyingi bei hiyo huwa imekisiwa kwa kipimo cha mfuko wa mgeni kutoka Ulaya. Asilolitaja dalali ni hesabu ya warithi.

Nyumba moja kama hiyo yaweza kuwa na warithi ishirini. Mmoja yuko Maskati, wa pili yuko Mombasa, wa tatu London, na wa nne ni yule kijana aliyepelekwa chuo cha polisi Kiganjo, chini ya Mlima Kenya, akapata kazi huko bara, akaoa, asirudi tena pwani ila kwa Idi. Hati ya kuuza haikamiliki bila ya sahihi yake. Basi hupelekewa karatasi kwa posta, akazisoma usiku amejitanda blanketi, kwani baridi ya Kiganjo si ya mzaha, na huku akikumbuka ngazi za nyumba ya bibi yake alizopandia alipokuwa mtoto.

Na Kiganjo si pageni kwa habari za nyumba na urithi. Karibu na hapo iko Sagana Lodge, nyumba ambayo serikali ya kikoloni ya Kenya ilimzawadia Binti Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947. Tarehe 6 Februari 1952, akiwa katika nyumba hiyo, ndipo alipopashwa habari kwamba baba yake, Mfalme George wa Sita, amefariki dunia. Siku ile ile alianza safari ya kurudi kwao kushika kiti alichorithi. Kenya ilipopata uhuru, nyumba ile ilirudishwa kwa serikali.

Leo tunataka kusimulia habari za binti mwingine wa mfalme, wa pwani yetu hii, aliyeishi naye katika nchi ya baridi, mbali na kwao, huku ndugu zake wakifariki mmoja baada ya mwingine na mali zao zikigawanywa. Lakini huyu hakuna aliyempelekea karatasi za kutia sahihi, wala hakuna aliyemwita arudi. Jina lake ni Sayyida Salme binti Said bin Sultan, na Wazungu wamezoea kumwita Emily Ruete.

MTONI

Sayyida Salme alizaliwa Unguja tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Beit el Mtoni, kando ya bahari, kama kilomita tano kaskazini ya mji. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, yule aliyehamishia makao yake Unguja na kuifanya nchi ya mikarafuu. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi, aliyetekwa kwao akiwa mtoto mdogo wakati wa vita na kuuzwa mbali na jamaa zake.

Hapa yafaa kukumbusha jambo ambalo wasomaji wetu wengi walijua, ila vijana wa siku hizi huenda wasilijue. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wake ni mtoto kamili, na katika mirathi hapungukiwi na chochote mbele ya mtoto wa mke wa ndoa. Seyyid Said alipofariki aliacha watoto thelathini na sita walio hai, wanaume kumi na wanane na wanawake kumi na wanane, na wote walikuwa watoto wa masuria. Mke wake mkubwa, Bibi Azza binti Seif, aliyetawala mambo ya ndani ya Mtoni kwa ukali, hakujaliwa kuzaa naye.

Jumba la Mtoni lilikuwa kama mji mdogo. Yakisiwa watu elfu moja walikuwa wakiishi ndani yake na katika vibanda vya pembeni. Katikati palikuwa na ua mkubwa ambamo tausi, paa, mbuni na korongo walikuwa wakitembea huru, na watoto wakiwachokoza na kukimbizwa nao. Upande mmoja palikuwa na mabirika ya kuogea, mengi kwa idadi, na watu wakienda kuoga na kuswali, na wengine kulala humo adhuhuri kwa ajili ya ubaridi wake. Mbele, juu ya maji, palikuwa na roshani kubwa ya duara, na hapo ndipo Seyyid Said alipokuwa akipenda kutembea huku na huku, kichwa amekiinamisha, akitazama merikebu zake bandarini. Siku nne za juma alikaa Mtoni, na siku zilizosalia alikaa mjini katika jumba la Beit el Sahel.

Fahari yote hiyo, tusisahau, ilibebwa na mikono ya watumwa. Watumwa ndio waliochota maji ya mabirika, ndio waliovuta makasia ya mashua za mabibi, na ndio waliochuma karafuu zilizolipia mazulia na vioo vya Ulaya. Salme mwenyewe, hata alipokuwa mtu mzima na kukaa Ulaya miaka mingi, aliandika kuutetea utumwa wa Waarabu. Hilo ni doa katika maandishi yake, na halifai kufichwa kwa sababu ya kumhurumia.

Alipokuwa na umri wa kama miaka saba alihama Mtoni pamoja na mama yake. Kaka yake, Sayyid Majid, alikuwa amefikia umri wa kupewa nyumba yake, naye akawachukua kwenda kukaa Beit el Watoro mjini. Majid alimpenda sana mdogo wake huyu. Alimfundisha kupanda farasi, kulenga shabaha kwa bunduki, hata kupiganisha majogoo, mambo ambayo mabibi wazee waliyatazama kwa mshangao. Baadaye mama na mwana walihamia Beit el Sahel. Hivyo kabla ya kutimiza miaka kumi na miwili Salme alikuwa amekwisha kulala katika majumba matatu ya baba yake, na kila jumba likiwa na kaka zake na dada zake, mapenzi yake na husuda zake.

KALAMU YA SIRI

Wakati huo mtoto wa kike alifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hakufundishwa. Salme hakuridhika. Kwa siri alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa chuoni, na wino na kalamu, akaanza kunakili herufi za Msahafu moja moja mpaka akaweza. Siri ilipotoka alilaumiwa, lakini mkono ulikuwa umekwisha zoea. Hakujua wakati huo kuwa mkono huo ndio utakaomponza, na kwamba mwisho ndio utakaomhifadhi.

Mwezi Oktoba 1856, Seyyid Said akiwa njiani kurudi kutoka Omani, alifia baharini karibu na visiwa vya Shelisheli. Salme alikuwa na miaka kumi na miwili. Mirathi iligawanywa kwa mujibu wa sheria, mtoto wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja, naye akahesabiwa kuwa amekwisha baleghe na kukabidhiwa fungu lake: shamba lenye nyumba, na fedha taslimu zilizofika pauni 5,429. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, mama yake naye alichukuliwa na kipindupindu, na mashamba yake yakamwangukia binti yake. Basi akawa, akiwa na miaka kumi na mitano, msichana tajiri mwenye mashamba matatu, lakini hana baba wala mama.

Ndipo fitina za nyumba kubwa zilipomkuta. Sayyid Majid alikuwa ameshika utawala wa Unguja, na ndugu yake Sayyid Barghash alikuwa akiutaka. Dada yao Bi Khole, mzuri wa sura kuliko wote na mpenzi mkubwa wa Salme, alisimama upande wa Barghash. Salme alipenda kote kuwili. Majid alikuwa amemlea, lakini Khole ndiye aliyekuwa rohoni mwake. Akaelemea kwa Khole. Na kwa kuwa yeye alijua kuandika, akafanywa karani wa fitina ile: barua za siri kwa machifu, hesabu za bunduki na risasi, zote zilipita mkononi mwake.

Majid alipopata habari, aliizingira nyumba ya Barghash kwa askari. Usiku mmoja Khole na Salme walikwenda na kundi la wanawake, wakapita mbele ya walinzi, wakaingia ndani, kisha wakatoka tena na mtu mmoja zaidi. Barghash alikuwa amejifunika buibui kama mwanamke, amezungukwa na wanawake warefu ili kimo chake kisimfichue. Walinzi waliona haya kuwakagua mabibi wa kifalme. Barghash akakimbilia shamba la Marseilles, lakini vita havikudumu. Kwa msaada wa manowari ya Waingereza Majid alishinda, na Barghash akapelekwa Bombay kukaa uhamishoni.

Salme hakuadhibiwa na kaka yake. Lakini watu wa upande wa Majid walimwepuka, na hata waliokuwa pamoja naye wakaanza kulaumiana. Akaondoka mjini, akaenda kukaa mashambani.

NYUMBA YA BUBUBU

Mashamba yake mwenyewe yalikuwa ndani ndani, mbali na pwani, naye alikuwa mtoto wa baharini. Akatafuta mahali ufukweni mpaka akapata nyumba Bububu, kaskazini ya Mtoni. Ilikuwa nyumba ya kupendeza, mawimbi yakivunjika karibu na mlango, na madau ya wavuvi yakipita mbele ya dirisha. Hapo alikaa kwa raha kuliko mahali pengine popote tangu utoto wake. Jamaa na marafiki walimjia kwa mashua kutoka mjini, wakashinda na kulala.

Siku moja akajiwa na ujumbe kutoka kwa Majid. Balozi mpya wa Kiingereza alikuwa akitaka nyumba ya shamba karibu na bahari, na Sultani alimwomba dada yake amwachie nyumba ya Bububu. Hebu fikiri, msomaji, uzito wa ombi hilo. Huyu ndiye kaka aliyemlea, aliyekuwa na haki ya kumtia kifungoni naye akamsamehe, na sasa hamlazimishi, anamwomba tu. Salme aliona haya kukataa. Aliiacha nyumba, akarudi mjini, na yeye na Majid wakapatana.

Kitendo hicho kidogo, cha kuacha nyumba moja, kiligeuza maisha yake yote. Kwanza, Bi Khole alikasirika, akaona mdogo wake amehamia upande wa adui. Na Barghash aliporudi kutoka Bombay alimkaripia, akamwona ameitoa nyumba ili ajipendekeze kwa Majid. Chuki hiyo haikumtoka Barghash mpaka siku ya kufa kwake. Pili, nyumba aliyoipata Salme mjini ilikuwa jirani na nyumba ya kijana wa Kijerumani, mfanyabiashara kutoka Hamburg, jina lake Heinrich Ruete. Paa la huyu lilikuwa karibu na paa la yule. Kutoka juu Salme aliweza kuona Wazungu wakila na kuzungumza, na Ruete naye akamwona.

USIKU WA MWAKA

Yaliyofuata yanajulikana na wengi, nasi hatutayarefusha. Urafiki ulizidi, na kufika mwaka 1866 Salme alikuwa na mimba. Kwa binti wa Sultani, asiyeolewa, na mwenzake asiyekuwa Mwislamu, jambo hilo lilikuwa hatari ya roho yake. Mke wa daktari wa ubalozi wa Kiingereza alimsaidia kupanga njia ya kutoka.

Mwezi wa Agosti mwaka huo ulikuwa na sikukuu ya Mwaka, wakati wanawake wa Unguja walipokuwa na desturi ya kushuka pwani usiku kuoga baharini. Yasemekana Salme alishuka pamoja na wengine kama aendaye kuoga, na gizani mashua ikamngoja. Manowari ya Kiingereza, Highflyer, ikamchukua mpaka Aden. Alikuwa akikaribia kutimiza miaka ishirini na miwili. Nyuma yake aliacha nyumba, mashamba, watumwa, dada na kaka.

Huko Aden alijifungua mtoto wa kiume. Alingoja miezi mingi mpaka Ruete alipomaliza shughuli zake Unguja na kumfuata. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa, kisha wakapanda meli kwenda Ulaya. Mtoto wao alifariki angali mchanga.

Kwa ubatizo huo Salme aliufunga kwa mkono wake mlango mmoja mkubwa. Sheria ya mirathi katika Uislamu ni wazi kwamba tofauti ya dini huzuia kurithiana. Tangu siku hiyo, kila ndugu yake aliyefariki Unguja bila mtoto, fungu ambalo lingemjia yeye lilikwenda kwa wengine.

BARIDI YA HAMBURG

Hamburg alikuta nyumba zilizofungwa madirisha, mbingu za kijivu, na watu waliomtazama kama kiroja. Hakujua lugha. Alizoea nyumba zenye mlango wazi kwa kila mgeni, na hapa mgeni alipaswa kutangaza kuja kwake siku kadhaa kabla. Akazaa watoto watatu katika muda wa miaka mitatu: Antonie Thawka mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie Ghuza mwaka 1870. Kila mmoja alimpa jina la kwao pamoja na jina la Kijerumani.

Mwezi Agosti 1870 mume wake alianguka alipokuwa akishuka kwenye gari la reli za mjini, akakanyagwa, na baada ya siku chache akafa. Rosalie alikuwa bado ananyonya. Sheria za Hamburg za wakati ule hazikumwachia mjane uhuru wa kusimamia mali ya watoto wake peke yake, bali walisimamiwa na walinzi wanaume. Ndiyo ajabu ya mambo: kwao, msichana wa miaka kumi na miwili alikabidhiwa shamba na fedha zake mkononi, na huku Ulaya, mama wa watoto watatu hakukabidhiwa. Mali ikapungua. Akahama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha lugha ya Kiarabu ili apate chakula cha wanawe.

Mwaka huo huo wa 1870 Sayyid Majid alifariki, na aliyeshika utawala alikuwa Barghash. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alikwenda huko akitumaini kuonana naye. Sir Bartle Frere, mkubwa mmoja wa Kiingereza, akamwendea kumshawishi asimsumbue mgeni wao, na akamtia tamaa kwamba serikali itawaangalia watoto wake. Salme akakubali kwa ajili ya watoto. Barghash alipokwisha kuondoka, akajibiwa kwamba yeye ni raia wa Ujerumani na Uingereza haina wajibu naye.

KURUDI NA MANOWARI

Miaka kumi ilipita. Mwaka 1885 Ujerumani ilikuwa imejitwalia nchi za bara ya Tanganyika, na Sultani Barghash akapinga. Bismarck akatuma manowari Unguja kumtisha, na pamoja nazo akampeleka Salme na watoto wake katika meli iitwayo Adler. Dai lake la mirathi likawa silaha moja zaidi mkononi mwa Wajerumani.

Baada ya miaka kumi na tisa Salme akauona tena mnara na mapaa ya Unguja. Aliposhuka, watu walimzunguka njiani kwa mamia, Waarabu, Waswahili na Wahindi, wakimwamkia kwa furaha ingawa Sultani hakupenda. Lakini mlango wa Barghash haukufunguka. Hakumpokea, wala barua zake hazikupata jibu alilolitaka. Kuhusu dai lake, Sultani alikuwa tayari kutoa kiasi kidogo tu, naye akakikataa.

Wasomaji wetu wanaweza kujiuliza: nani alikuwa na haki? Kwa upande wa mirathi, Barghash alikuwa juu ya sheria, na kadhi yeyote angemwambia hivyo hivyo. Lakini sheria inayozuia urithi haizuii hiba. Ndugu hakatazwi kumpa dada yake kwa hiari yake, awe wa dini gani. Huyu ndiye dada aliyemtoa kwa buibui mbele ya bunduki za askari, akahatarisha roho yake. Angaweza kumpa nyumba moja tu kati ya nyumba zake nyingi, na hazina isingetikisika. Mwaka 1883 alikuwa amejenga Beit el Ajaib, jumba kubwa kupita yote ya mwambao.

Hata hivyo Salme naye aliubomoa mlango wa hiari kwa namna aliyoujia. Aombaye huja mikono mitupu. Yeye alikuja nyuma ya mizinga ya watu waliokuwa wakimnyang'anya kaka yake nchi, na mbele ya mizinga hata mwenye huruma hukaza moyo, asije akaonekana ametoa kwa hofu. Wajerumani walipokwisha kupata walichokitaka kwa Sultani, hawakumkumbuka tena. Barghash alifariki mwezi Machi 1888, na mwaka huo huo Salme alirudi Unguja mara ya pili, safari hii pamoja na binti yake Rosalie, akijaribu bahati yake kwa mtawala mpya, Sayyid Khalifa. Akarudi mikono mitupu. Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza ziligawana mambo yao kwa mkataba, na madai ya bibi mmoja mjane hayakuwa na nafasi tena mezani.

Katika safari yake ya 1885 alikwenda kuitazama Mtoni. Alikuta ngazi zimeanguka, mapaa yamebomoka, mabirika yameota majani, na ua uliojaa tausi ukiwa kimya. Waliokuwa na haki ya kurithi walikuwa wameliacha jumba lianguke, na aliyenyimwa haki hiyo ndiye aliyesimama pale akilia.

KILICHOBAKI

Hakutaka kukaa Ujerumani tena. Alikwenda kuishi Jaffa, kisha Beirut, mahali ambapo angalau alisikia adhana na lugha ya baba yake, akakaa huko mpaka mwaka 1914. Halafu akarudi Ujerumani kwa watoto wake. Katika miaka yake ya mwisho alikatiwa pensheni ndogo ya pauni mia moja kwa mwaka, na hicho ndicho alichofaidi katika mali ya ukoo wake baada ya kudai nusu ya umri wake. Alifariki Jena, nyumbani kwa binti yake Rosalie, tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka sabini na tisa. Alizikwa Hamburg katika kaburi la ukoo wa Ruete. Katika vitu vyake kilikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, alichokuwa amekitunza miaka yote.

Na majumba je? Beit el Sahel lilipigwa mizinga na Waingereza mwezi Agosti 1896 katika vita vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia. Lililojengwa upya mahali pake lilikuwa makao ya masultani mpaka Mapinduzi ya 1964, na tangu 1994 ni jumba la makumbusho. Beit el Ajaib, fahari ya Barghash, lilianguka upande mmoja siku ya tarehe 25 Desemba 2020. Mtoni ni magofu. Wenye nyumba wote wamekwenda, waliorithi kwa haki na aliyenyimwa kwa haki.

Lakini kuna jambo moja. Mwaka 1886 Salme alitoa kitabu huko Berlin juu ya maisha yake. Alikiandika kwa Kijerumani, kwa mkono ule ule uliojifunza kwa siri juu ya mfupa wa ngamia, ili wanawe wapate kujua asili ya mama yao. Humo ameandika vyumba vya Mtoni, ngazi zake, harufu zake, sauti za asubuhi, chakula cha sikukuu, ugonjwa, harusi, misiba na ugomvi. Mtu anayetaka leo kujua watu waliishi vipi ndani ya kuta zile hana mahali pa kwenda ila kwake. Kaka zake walipata kuta, na kuta zikaanguka. Ndani ya jumba la makumbusho la Beit el Sahel kuna chumba kilichotengwa kwa ajili yake. Imekuwa kama kwamba amerudishiwa fungu lake, chumba kimoja, baada ya miaka zaidi ya mia moja na ishirini.

Basi turudi kwa yule ndugu yetu wa Kiganjo aliyepelekewa karatasi. Kuuza nyumba ya wazee si dhambi. Pengine ukarabati umewashinda, pengine warithi ni wengi na nyumba ni moja, na kugawana fedha ni rahisi kuliko kugawana ngazi. Kila mtu na apewe haki yake kama sheria ilivyoiweka, aliye karibu na aliye mbali, wa kike na wa kiume, wala asidhulumiwe mtu kwa kuwa hayupo. Lakini kabla ya kutia sahihi, na amwite shangazi au bibi aliyesalia, amuulize nani alilala chumba gani, nani alifia wapi, mlango ulichongwa na fundi wa wapi, na akosekanaye katika orodha ya warithi alikosekana kwa sababu gani. Kisha ayaandike. Mnunuzi hatalipia hayo, wala dalali hatayadai. Na yule jamaa aliyetengwa, kama yupo, apelekewe salamu na chochote, kwa hiari, kabla hajalazimika kuja kudai.

Salme alipoombwa nyumba ya Bububu alitoa bila ya kuuza, na aliporudi kuomba nyumba hakupewa. Mwenyezi Mungu ndiye mrithi wa kila kitu.